Las Vegas hadi maji moto ya Tecopa kwa RV (gari-nyumba) ya kukodi, mwisho wa Desemba: njia, matairi, betri na stara ya bafuni

Mpemba wa Columbus

Wakuu, heshima kwenu.

Tuko watano: mimi na mke wangu, watoto wawili (miaka 9 na 12), na mama mzazi, miaka 71, amekuja kututembelea kutoka Wete. Magoti yanamsumbua, ana sukari na anameza dawa za presha. Tunaruka hadi Las Vegas tarehe 26 Desemba, na hapo tunachukua RV ya kukodi: daraja C, futi 28, kichwa cha Ford E-450, kitanda kimoja juu ya dereva. Siku sita. Nia ni kulala Tecopa, California, siku mbili kwenye maji moto, halafu hifadhi ya Death Valley siku mbili (kambi ya Furnace Creek au ya Sunset, popote tutakapopata nafasi), kisha kurudi Vegas.

Naomba msaada kwa haya:

Njia. Simu inanipitisha Old Spanish Trail Highway. Ni sawa kwa gari la ukubwa huo?

Injini. Gari kubwa zaidi niliyowahi kuendesha ni Toyota Sienna. Jangwani si itachemsha?

Maji, mafuta na umeme: tubebe kiasi gani?

Bafu. Nasoma kwamba Tecopa watu huingia majini bila nguo. Mama hawezi, na mke wangu hawezi. Kuna namna ya stara?

Mwisho, jamaa kanambia tuache Tecopa twende Saline Valley, eti maji moto ni bure na kambi ni bure.

Natanguliza shukrani.

---

dereva_18tairi

Mkuu, nianze na la mwisho. Saline Valley iondoe kichwani kabisa. Maji yapo kweli na ni mazuri, lakini kuyafikia ni makumi ya maili ya barabara ya vumbi na mawe makali, upande wowote utakaotokea, na njia za milimani huko hupigwa theluji wakati wa baridi. Mkataba wako wa kukodi karibu hakika unakataza barabara isiyo na lami. Maana yake ukipasua tairi mbili kule, bima haipo na winchi unalipa mwenyewe. Halafu huko nako watu huoga bila nguo, kwa hiyo hata tatizo la mama hujaliondoa.

Old Spanish Trail: lami ipo, ila ni nyembamba, ina viraka na mawimbi, na inapovuka milima ya Nopah kuna kona na mwinuko ambao mtu aliyezoea Sienna hatakiwi kujifunzia. Simu inaipenda kwa sababu ni fupi, basi. Wewe shika barabara namba 160 hadi Pahrump, kama maili 60. Mlima ni mmoja tu, Mountain Springs, futi 5,502. Desemba kule juu kunaweza kuwa na barafu asubuhi, kwa hiyo msitoke Vegas alfajiri. Saa nne asubuhi inatosha sana.

Pahrump ndipo mnapojaza kila kitu: mafuta, chakula, maji ya kunywa, gesi. Nevada mafuta ni nafuu kuliko California, na ndani ya Death Valley bei inauma kuliko kote. Toka Pahrump kwa 372, ikivuka mpaka inaitwa 178, hadi Shoshone, maili 27 hivi. Hapo kuna kituo cha mafuta. Geuka kusini kwa 127, maili chache utaona kibao cha Tecopa upande wa kushoto. Safari yote haifiki maili 100, na hakuna kona ya kukutoa jasho.

Kwenda Furnace Creek mnarudi Shoshone, mnapanda 127 hadi Death Valley Junction (maili 28), mnakata kushoto kuingia 190, maili 30 nyingine. Ile 178 inayopitia njia za milimani za Salsberry na Jubilee kutokea Badwater inavutia kwenye ramani, lakini ni ndefu, haina huduma yoyote, na mafuriko huila mara kwa mara.

Sasa mteremko, kwa sababu hapo ndipo wageni huunguza breki. Kutoka kilele cha 190 mnashuka kutoka karibu futi 3,000 hadi futi 190 CHINI ya usawa wa bahari. Barabara ni pana na mteremko si wa kutisha, na ndiyo maana mtu anajisahau, anaweka mguu juu ya breki maili kumi mfululizo. Fanya hivi: kabla hujaanza kushuka, bonyeza kitufe cha Tow/Haul kwenye mwisho wa mkono wa gia. Ukigusa breki, giaboksi itashusha gia yenyewe na injini itashika gari. Injini itapiga kelele, mzunguko utafika 3,500 au 4,000. Iache ipige, haiumii. Chagua mwendo wako, tuseme maili 45. Ukifika 50, kanyaga breki kwa nguvu kiasi hadi ushuke 40, halafu achia KABISA. Acha gari lijivute tena hadi 50, rudia. Breki inayokanyagwa na kuachiwa inapata nafasi ya kupoa. Ile inayobembelezwa kidogo kidogo muda wote ndiyo inayochemsha mafuta ya breki, na pedali inazama hadi sakafuni. Ukisikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua, tafuta uwanja, simama nusu saa, na usivute breki ya mkono kwenye breki zilizochemka: weka P na ziba tairi kwa vitalu.

Mkia. Futi 28 ina mkia mrefu nyuma ya tairi za nyuma. Ukikata kona ya kulia kwa ghafla, mkia unachota kushoto, na kilichopo kushoto kwenye kituo cha mafuta ni pampu. Toka mbele moja kwa moja hadi tairi za nyuma zipite pampu ndipo ukate. Juu una kama futi 12 ukihesabu kiyoyozi cha darini, kwa hiyo sahau kuagiza burger dirishani bila kushuka garini. Andika urefu huo kwenye karatasi, ubandike mbele ya usukani.

Ndani ya hifadhi, Artists Drive na Dante's View hamruhusiwi: mwisho ni futi 25. Badwater, Zabriskie Point na matuta ya mchanga ya Mesquite Flat mnafika bila shida, maegesho yapo. Kuingia ni dola 30 kwa gari, siku saba, na wanapokea kadi tu, pesa taslimu hawataki.

---

kijana_wa_Phoenix

Nyongeza ndogo: punguza upepo wa matairi kidogo kabla ya kuingia jangwani, psi 10 hivi, maana joto likipanda upepo unatanuka na tairi linaweza kupasuka.

---

Fundi Kombo

Kijana, hapana. Hilo limeua matairi mengi, hapa na kule kwetu. Tairi halipasuki kwa sababu upepo umetanuka kidogo. Linapasuka kwa sababu upepo ni MDOGO: ukuta wa tairi unajikunja kila mzunguko, mkunjo unazaa joto, joto linalegeza mpira na nyuzi za ndani. Kiwango kilichoandikwa kimeshahesabu kwamba tairi likitembea litapanda psi kadhaa. Ndiyo maana kinapimwa tairi likiwa baridi, asubuhi kabla ya kuondoka, na upepo wa tairi la moto hautolewi hata ukiona namba imezidi.

Kaka wa Columbus, fungua mlango wa dereva uangalie kibandiko. E-450 nyingi zinavaa LT225/75R16, na nyuma huwa psi 80, lakini fuata kibandiko cha gari lenu, usinifuate mimi. Geji za vituo vya mafuta huishia mahali pabaya, nunueni ya fimbo inayosoma hadi 120, yenye kichwa cha pande mbili. Nyuma tairi ziko mbili mbili, na ile ya ndani ndiyo hakuna anayeipima. Ikiwa na pancha, mwenzake anabeba mzigo wote na gari linaonekana zima. Ukisimama kila baada ya saa mbili, pitisha mkono karibu na kila tairi: linalochemka kuliko wenzake lina tatizo. Angalia pia umri: tafuta herufi DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, kwa mfano 3521 ni wiki ya 35 ya 2021. Likizidi miaka sita, kataa gari, hata kama kashata za tairi bado ndefu.

Suala la injini kuchemsha: Desemba sahau. Wastani wa mchana Furnace Creek ni nyuzi 18 au 19 za Selsiasi, usiku 3 au 4. Hizo hadithi za nyuzi 56.7 ni za tarehe 10 Julai 1913. Ikitokea mshale unapanda mlimani, zima kiyoyozi cha mbele, washa hita hadi mwisho (inavuta joto la injini kulileta ndani, vumilieni), punguza mwendo. Usipotulia, simama, acha injini inaunguruma ili feni na pampu ziendelee. Mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka uweze kuweka kiganja juu yake bila kuungua, na maji baridi hayamwagiwi kwenye injini ya moto.

Kitakachowasumbua ninyi ni betri. Sunset hakuna umeme wa nguzo (wa kuchomeka kambini). Usiku wa nyuzi 4 mtawasha hita ya nyumba, ile inayotumia gesi, na watu hudhani inatumia gesi tu. Ina feni ya volti 12 inayokula ampea 7 au 8. Ikifanya kazi nusu ya muda kwa saa kumi, ni ampea-saa 35 au 40. Betri moja ya asidi ya ampea-saa 100 inakupa 50 za kutumia bila kuiumiza. Ongeza taa, pampu ya maji na simu tano zinazochajiwa, saa kumi alfajiri hita inazima na watoto wanaamka wanatetemeka. Dawa: ombeni gari lenye betri mbili, wekeni hita nyuzi 15 na blanketi za kutosha, chajini simu wakati gari linatembea, na saa moja jioni kabla ya kulala somo la volti liwe 12.6 au zaidi. Ikishuka 12.1 mmefika nusu, na hapo ndipo mwisho.

Jenereta inaruhusiwa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, nje ya hapo majirani na walinzi watakuja. Ipigeni kwa muda wa saa mbili asubuhi, na muda kama huo jioni kabla ya saa moja. Inakunywa kama nusu galoni kwa saa kutoka tangi lile lile la gari, ila mrija wake umekatwa juu: tangi likibaki robo, jenereta inagoma kuwaka. Imewekwa makusudi ili msiishiwe mafuta porini. Watu huita fundi bure. Msilale jenereta ikiwaka, na jiko la gesi lisitumiwe kupasha nyumba moto: kaboni monoksidi haina harufu. Siku ya kuchukua gari bonyezeni kitufe cha kengele ya gesi hiyo mbele ya mkodishaji, ilie.

Tecopa mkipata nguzo ya ampea 30, hesabu ni 30 mara volti 120, wati 3,600. Sufuria la umeme la wali 700, maikrowevu 1,500, birika 1,500: ukiwasha vyote pamoja swichi inaruka. Chai kwanza, maikrowevu baadaye.

Friji, kama ni ya gesi, haina kompresa. Inachemsha amonia, na amonia inarudi chini kwa uzito wake tu, kwa hiyo gari likilala upande friji haipoi na inaweza kuharibika moja kwa moja. Wekeni pima maji ndogo ya fundi mwashi sakafuni, pandisheni tairi la upande wa chini juu ya vitalu vya plastiki mpaka povu likae katikati. Iwasheni siku moja kabla ya kutia nyama, maana inapoa polepole.

---

Mama Ilham

Mwanangu, mpe mama shikamoo zangu. Nijibu la bafu na maji.

Tecopa ni kijiji kidogo, na kuna sehemu kadhaa za kuoga. Kambi ya kaunti ina nyumba mbili za maji, ya wanaume na ya wanawake, na huko desturi ni kweli: unaoga kwanza kwa sabuni, unaingia bila nguo. Lakini zipo kambi za watu binafsi zenye vyumba vya bwawa vya familia, mlango unafungwa kwa komeo, mnavaa mtakavyo. Wakati wa kubuki usiulize "mna maji moto?", uliza "chumba cha faragha kinafungwa kwa ndani? ni dakika ngapi? kimejumuishwa kwenye bei ya kulala au ni cha kulipia?" Wengine wanagawa kwa zamu na wikiendi kuna foleni. Mama na mkeo waingie pamoja, wewe na watoto zamu nyingine.

Maji yanatoka ardhini yakiwa moto kupita kiasi cha kuoga, mabwawani yanakuwa nyuzi 38 hadi 42. Si ya kuchemshia mayai kama Bogoria, lakini kwa mtu wa presha 42 ni nyingi. Vidimbwi vya maji moto nchi hii kikomo kinachopendekezwa ni 40. Nunua kipimajoto cha bafu cha mtoto, kinaelea. Kwa mama: chini ya 40, dakika kumi, maji yaishie kifuani, atoke akae dakika kumi na glasi ya maji, akipenda arudi. Joto linatanua mishipa na dawa ya presha inaitanua pia, akisimama ghafla kichwa kinazunguka na sakafu ni ya kuteleza. Mtu amshike mkono wakati wa KUTOKA, si wa kuingia. Na kwa sababu ya sukari: apime maji kwa kiwiko au kwa kipimajoto, si kwa mguu. Miguu ya mgonjwa wa sukari inaweza isihisi moto, akaungua bila kujua. Mkague nyayo baada ya kutoka. Kidonda kibichi, asiingie. Na kabla ya safari mwulize daktari wake.

Watoto: vichwa visizame, wasirushiane maji puani. Kwenye maji moto ya asili kuna amiba anayeingilia puani kwenda kwenye ubongo. Ni nadra sana, lakini akiingia mara nyingi ni kifo. Kumeza hakuna hatari hiyo, pua ndiyo mlango.

Kumeza kuna jambo jingine. Maji ya ardhini ya Tecopa yana aseniki na floraidi nyingi kuliko kiwango cha kunywa. Floraidi mnaijua, ni ile inayotia meno ya watu wa Arusha rangi ya kahawia. Kuogea hakuna neno. Kunywa, kupikia, kuchemshia chai, hapana, na kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, aseniki inabaki. Nunueni Pahrump madumu ya kunywa, lita 4 kwa mtu kwa siku, hivyo lita 20 kwa siku kwa ninyi watano. Kwa siku sita ni 120, lakini beba za siku nne, 80, nyingine mtajaza Furnace Creek ambako bomba la kunywa lipo.

Tangi la RV lenyewe huwa kama galoni 40, lita 150. Hilo ni la vyombo, choo na kuoga. Bomba likiwa wazi linatoa lita kadhaa kwa dakika, kwa hiyo udhu uwe wa kopo: lita moja inamtosha mtu na inabaki. Watu watano kwa bomba wazi mara tano kwa siku, tangi linakauka Ijumaa haijafika.

---

Mpemba wa Columbus

Shikamoo Mama Ilham, salamu zimefika, mama anasema marahaba na anauliza wewe ni wa wapi. Wakuu, mmenifungua macho, mimi nilikuwa nahofia joto na kumbe ni baridi.

Mawili yamebaki. Choo kinamwagwaje? Mke wangu ameapa hagusi. Na mvua je, nasikia kule mafuriko hufunga barabara?

---

Fundi Kombo

Choo ni dakika kumi na tano, na ukifuata utaratibu hakuna tone litakalokugusa.

Kuna matangi mawili ya uchafu: la choo, na la sinki na bafu. Yote yanatoka mdomo mmoja chini ya gari upande wa dereva, kila moja na mpini wake wa kuvuta. Vaa glavu za mpira za kutupa. Kabla ya kufungua kifuniko hakikisha mipini yote miwili imesukumwa ndani, hapo ndipo watu humwagiwa viatu: aliyepita aliacha mpini umevutika kidogo na mchanganyiko unasubiri nyuma ya kifuniko. Weka ndoo chini, fungua taratibu. Funga mpira mpana kwa kuuzungusha mpaka ndimi zishike, vuta uone kama umeshika. Upande wa pili ingiza kwenye shimo la ardhini na ukandamize kwa jiwe au kisigino.

Vuta mpini wa CHOO kwanza. Utasikia, utaona, utasubiri. Likinyamaza, sukuma mpini ndani. Halafu vuta wa sinki: maji ya sabuni yanaosha mpira baada ya choo. Ukianza na sinki umebaki na mpira mchafu. Kisha ndani ya nyumba mwaga chooni lita kumi za maji na kifuko kimoja cha dawa, ili uchafu unaofuata usikute sakafu kavu.

Mkiwa Tecopa mmeunganishwa na bomba la taka siku mbili nzima, mpini wa choo ubaki UMEFUNGWA mpaka siku ya kuondoka. Ukiuacha wazi, maji yanatangulia na kigumu kinabaki tangini, kinarundikana kama kichuguu chini ya choo. Hicho hakiondoki kwa maombi wala kwa dawa, na faini yake iko kwenye mkataba. Karatasi ya choo iwe ile laini inayoyeyuka, jaribu kipande kwenye glasi ya maji: ukikoroga kisipochanika, si chenyewe. Vitambaa vya unyevu vya watoto, marufuku.

Mpira wa kuoshea sehemu ya kumwagia si mpira wa maji ya kunywa. Wa kunywa huwa mweupe au wa bluu. Visilale kabati moja.

---

dereva_18tairi

Mvua: Furnace Creek kwa mwaka mzima inapata kama milimita 56. Tarehe 20 Agosti 2023 mabaki ya kimbunga Hilary yaliangusha kiasi hicho kwa siku moja, inchi 2.2, na hifadhi ikafungwa hadi tarehe 15 Oktoba. Badwater ikawa ziwa. Ardhi ile ni ngumu kama sakafu ya saruji, mvua ikinyesha mlimani maili ishirini kutoka ulipo, maji yanakukuta kwenye bonde wewe uko juani. Desemba ni nadra kuliko Agosti, lakini kabla ya kutoka Tecopa soma taarifa ya barabara kwenye ukurasa wa hifadhi, na uisome hapo hapo ulipo na mtandao. Ukishapita Shoshone simu inakufa sehemu kubwa. Pakueni ramani mapema, na simu ikisema kata hapa kwenye njia ya vumbi, muiambie hapana. Ukikuta maji yanakatiza lami, usipime kina kwa gari. Geuza kama kuna nafasi, kama hakuna subiri, mara nyingi hupita kwa saa chache.

Upepo ndio wa kuangalia zaidi. RV ni ukuta wenye magurudumu. Upepo wa ubavuni ukianza kukusogeza hadi mstari wa njano, shuka maili 45, ukizidi simama. Turubai la kivuli la ubavuni halilali nje usiku hata kukiwa kimya. Upepo wa Tecopa huja bila hodi, unalikunja kama mwavuli, na ni dola elfu na zaidi.

Mafuta, nilisahau. Mzunguko wenu wote, pamoja na kwenda Badwater na Stovepipe Wells (karibu na matuta ya Mesquite Flat), ni maili 360 hadi 380. Gari hilo linakwenda maili 8 kwa galoni likiwa limepakia, hivyo galoni 47, na jenereta kama galoni 4 kwa siku mbili za Sunset. Tangi nyingi za E-450 ni galoni 55. Inatosha kwa kubana, lakini kumbuka alichosema Fundi kuhusu robo tangi. Jaza Pahrump, ongeza galoni kumi Shoshone mkitoka Tecopa, mtarudi Pahrump bila kugusa pampu za hifadhini.

---

Mama Ilham

Mimi ni wa Mkoani, mwambie mama.

Nyongeza ya mama: karibu na Tecopa kuna shamba la mitende, China Ranch, ndani ya korongo. Tende zake nzuri na wanauza. Lakini njia ya kushuka ni nyembamba, ina mteremko mkali na haina lami, kwa hiyo na futi 28 msijaribu. Ulizeni kambini kama kuna jirani mwenye gari dogo anayekwenda asubuhi.

---

Mpemba wa Columbus

Ahsanteni sana. La mwisho kabisa: usiku Tecopa mpira wa maji tuuache umeunganishwa bombani?

---

Fundi Kombo

Angalia utabiri saa mbili usiku. Ukisema chini ya nyuzi 2, jaza tangi la ndani, funga bomba la kambi, chomoa mpira, mwaga maji yote yaliyomo kwa kuunyanyua kuanzia mwisho mmoja, uzungushe uweke kabatini. Usiku tumieni pampu. Mpira wenye maji ukiganda unapasuka kwenye kiungo, na bomba la kambi nalo linaweza kupasuka, nalo ni juu yenu. Asubuhi unganisheni jua likishapanda. Na tangi la kuchemshia maji ya kuogea msiliwashe kabla ya kufungua bomba la moto jikoni na kuona maji yanatoka bila kupumuapumua. Mkodishaji mara nyingi analiacha tupu, na likiwashwa kavu linaungua.